Kuzuru Ohel ya Queens, New York: huduma ilivyo na namna ya kujiandaa

Ohel ni jengo dogo lisilo na paa linalozunguka makaburi ya viongozi wawili wa Kiyahudi, nalo limo ndani ya makaburi ya Montefiore. Ukiandika "Montefiore Cemetery" kwenye ramani ya simu utapelekwa kwenye lango kuu, upande wa Springfield Boulevard, na hapo sipo. Lango hilo ni la ofisi ya makaburi. Lina saa zake za kufunga, Sabato halifunguliwi, na anayeingilia hapo hujikuta katikati ya safu kwa safu za mawe yanayofanana asijue aelekee wapi. Anayekwenda Ohel huingilia upande wa pili, Francis Lewis Boulevard namba 226-20, mtaa wa Cambria Heights, Queens. Ni nyumba ya kawaida ya makazi iliyofanywa kituo cha wageni, na mlango wake wa nyuma ndio unaotokea makaburini. Kuna kosa jingine lenye gharama zaidi: New Montefiore ni makaburi mengine kabisa, yako West Babylon, Long Island, mwendo mrefu kuelekea mashariki. Kwa hiyo mpe dereva anwani, usimpe jina.

Waliozikwa hapo ni viongozi wawili wa Chabad-Lubavitch, kundi la Wayahudi wa Kihasidi (mkondo wa kiroho wa Kiyahudi ambao kila kundi lake hufuata kiongozi wake, aitwaye Rebbe) lenye vituo karibu kila pembe ya dunia, Nairobi, Kampala na Kinshasa zikiwemo. Wa kwanza ni Yosef Yitzchak Schneersohn, Rebbe wa sita, aliyefika New York Machi 1940 akitokea Ulaya iliyokuwa vitani, akafariki Januari 1950. Wa pili ni mkwewe, Menachem Mendel Schneerson, Rebbe wa saba, aliyezaliwa Nikolayev mwaka 1902 na kufariki tarehe 12 Juni 1994. Baada yake hakuna aliyekalia kiti hicho. Kwa hiyo yale ambayo Mhasidi wa kundi jingine angempelekea Rebbe wake aliye hai (ugonjwa, uchumba, biashara iliyokwama, mtoto asiyepatikana), wa Chabad huyaleta hapa.

Thamani ya mahali hapa utaiona vizuri ukipanga makaburi ya viongozi wote saba wa Chabad kwenye ramani. Mwanzilishi, Shneur Zalman, aliyefariki 1812, yuko Hadiach nchini Ukraine. Mwanawe Dovber, aliyefariki 1827, yuko Nizhyn, Ukraine pia. Wa tatu na wa nne, waliofariki 1866 na 1882, wako Lyubavichi, kijiji cha Urusi kilicho karibu na mpaka wa Belarus, ambacho ndicho kilichowapa jina. Wa tano, aliyefariki 1920, yuko Rostov-on-Don, kusini mwa Urusi. Tangu Februari 2022 anga ya Ukraine imefungwa kwa ndege za abiria. Hata Uman, kwenye kaburi la Nachman wa Breslov, kiongozi mwingine wa Kihasidi, ambako maelfu hukusanyika kila mwaka mpya wa Kiyahudi, mzuru siku hizi huingia kwa barabara kupitia Poland, Romania au Moldova. Yaani kati ya vituo vyote vya mnyororo huo, kimoja tu ndicho kinachofikika bila kuingia nchi iliyo vitani, na kiko jirani na uwanja wa ndege wa JFK.

Tuseme wazi tunavyoiona huduma yenyewe: kwa mgeni asiyejua lolote, hakuna kaburi la Kihasidi lililoandaliwa vizuri kuliko hili. Hakuna kiingilio. Hufikika mchana na usiku. Kuna meza, karatasi na kalamu za kuandikia barua, kuna viatu vya kuazima, kuna vitabu vya sala, kuna kahawa na chai, na kuna skrini zinazoonyesha hotuba za Rebbe zilizorekodiwa enzi za uhai wake. Hakuna anayekuuliza dini yako mlangoni. Upungufu tutautaja, lakini sehemu kubwa ya wanaotoka hapo bila kuridhika hawakuangushwa na kituo. Wamefika bila barua.

Barua ndiyo ziara yenyewe. Sala, mishumaa na Zaburi vyote vinaizunguka. Utaratibu huu umetoka kwa Rebbe wa saba mwenyewe. Kwa miongo minne alikuwa akija hapa kwenye kaburi la baba mkwe wake, akiwa amefunga, na mifuko ya barua za watu. Alisimama kwa saa nyingi akisoma moja moja, kisha akizichana na kuziacha kaburini. Baada ya mkewe, Chaya Mushka, kufariki Februari 1988, alizidisha kuja. Tarehe 2 Machi 1992 alipata kiharusi akiwa papo hapo, amesimama kwenye sala. Wanaochana barua leo wanafuata nyayo hizo hizo, na ndiyo maana si sahihi kuiona kama desturi ya watalii kama kutupa sarafu kwenye chemchemi.

Jambo moja lieleweke kabla ya kushika kalamu. Mafundisho ya Kiyahudi hayaruhusu kumwomba maiti. Maombi ni kwa Mungu, na anayezuru huomba mtu mwema aliyezikwa hapo amwombee. Hoja yao kongwe ni ya Kalebu: Talmud, mkusanyiko wa kale wa mafundisho ya marabi, inasimulia kwamba aliachana na wapelelezi wenzake akaenda Hebroni kuomba kwenye makaburi ya mababu asije akaingia kwenye njama yao. Msomaji wa Pwani anayeijua ziara ya Habib Swaleh pale Lamu ataelewa upesi kinachotafutwa, ingawa adabu za huku ni nyingine.

Iandike barua nyumbani au hotelini, usingoje kuiandikia kituoni. Meza zipo, ila kuna watu wanaoingia na kutoka, skrini inaongea, na aliyekusindikiza anatazama saa. Hapo mtu huandika mistari miwili ya haraka, halafu akifika kaburini ndipo anapokumbuka majina matatu aliyoyasahau. Tumia karatasi nyepesi ya kawaida. Kadi ngumu haichaniki kwa mkono, karatasi yenye plastiki haichaniki kabisa, na pini za stepla hubaki kwenye rundo ambalo watu wengine wataliondoa kwa mikono. Andika kwa mkono, kwa herufi unazoweza kuzisoma mwenyewe kwenye mwanga hafifu, kwa sababu utaisoma pale ukiwa umesimama. Usitumie kalamu yenye wino unaosambaa ukipata maji. Sababu yake tutaifikia.

Kuhusu majina, Myahudi huandika jina lake la Kiebrania na la mama yake. Asiye Myahudi huandika jina lake na la baba yake, jambo ambalo kwa Mswahili ni jepesi: Rehema binti Juma, Baraka mwana wa Yohana, imetosha. Kila unayemwombea naye mtajie jina kwa mpango huo huo. "Familia yangu yote" ni maneno mapana mno kwa barua ya namna hii. Kwa mgonjwa, taja ugonjwa. Kwa jambo la uamuzi, eleza pande zote mbili. Lugha yoyote inafaa, na Kiswahili ni sawa kabisa, kwani msomaji wa barua hiyo pale kaburini ni wewe mwenyewe. Ukurasa mmoja unatosha. Mwishoni weka ahadi ya jambo jema utakalolishika: sadaka ya kila wiki, suluhu na ndugu, somo la kila siku. Iwe ndogo na ya kutekelezeka. Wahasidi wanaipa uzito mkubwa sehemu hii, na barua yenye orodha ya haja tupu, isiyo na ahadi yoyote, wao huiona haijakamilika.

Sasa viatu. Ndani ya Ohel haiingiwi na viatu vya ngozi, kwa kufuata amri aliyopewa Musa kwenye kijiti kilichowaka, Kutoka 3:5. Raba za kitambaa, makubazi ya plastiki na ndala za mpira zinakubalika. Viatu vya ofisini, buti za ngozi na makubazi ya ngozi ya Lamu havikubaliki. Kituoni kuna vya kuazima, lakini vimevaliwa na wengi na mara nyingi hupati saizi yako. Anayejua hufika na raba zake miguuni, yakaisha. Wanaume hufunika kichwa: kofia yoyote inatosha, hata baraghashia. Wanawake huvaa sketi au gauni linalovuka magoti na mikono inayovuka viwiko, na walioolewa hufunika nywele. Khanga au mtandio unafanya kazi hiyo bila taabu. Suruali ya jinzi kwa mwanamke haitamfanya afukuzwe, ila atajihisi peke yake.

Kabla ya kwenda kaburini desturi ni kutokula, lakini kunywa inafaa. Ndiyo sababu chai na kahawa ziko pale unapoingia. Kunywa kikombe kimoja, biskuti ziache mpaka urudi. Mgonjwa wa kisukari au mjamzito ale; hii ni desturi, na hakuna anayetaka mtu aanguke kwenye foleni. Tia chochote kwenye sanduku la sadaka, hata dola moja, kabla ya kutoka kwa mlango wa nyuma.

Kutoka mlango huo hadi Ohel ni mwendo mfupi wa miguu katikati ya makaburi. Karibu na Ohel ndipo walipozikwa wanawake wa nyumba hiyo: Chaya Mushka mwenyewe, mama yake Nechama Dina aliyefariki 1971, na Chana, mama mzazi wa Rebbe wa saba, aliyefariki 1964. Wageni wengi huwapita bila kujua. Wanawake wa Chabad hawawapiti. Husimama, husoma Zaburi, huacha kijiwe juu ya jiwe la kaburi. Chana alimfuata mumewe uhamishoni Kazakhstan baada ya mume huyo kukamatwa na Wasovieti mwaka 1939, na huko alimtengenezea wino kwa majani na mimea aliyoichuma ili aandike maelezo yake ya Taurati pembezoni mwa kurasa za vitabu. Mahali kama hapo ni vizuri kusimama.

Ohel yenyewe ni ndogo kuliko picha zinavyoonyesha. Kwanza kuna chumba cha nje ambako mishumaa huwashwa. Kisha unabisha mlango kwa mkono kabla ya kuingia. Piga hodi ya vidole tu, bila kuita. Wanaume na wanawake husimama pande tofauti, kwa hiyo tazama alama na uingilie upande wako. Ndani hakuna paa. Ni kuta za mawe, mbingu juu, mawe mawili ya makaburi yamesimama sambamba na maandishi yake ya Kiebrania, na mbele yake ukuta mfupi unaozunguka makaburi. Ukichungulia ndani ya ukuta huo huoni udongo wala sakafu. Unachokiona ni karatasi: vipande vyeupe, vya njano, vya daftari la mistari, vya karatasi za hoteli, rundo juu ya rundo, mwandiko wa Kirusi juu ya wa Kifaransa juu ya wa Kiebrania, kila kimoja kimechanwa kiasi cha kutosomeka. Rundo likijaa huondolewa, na siku hiyo hiyo huanza kujaa upya.

Hapo soma barua yako. Kunong'ona kunatosha, na kusoma kimoyomoyo si kosa. Wanaotumia kitabu cha Maaneh Lashon, mkusanyiko wa sala za makaburini wenye asili ya Prague, husoma kwanza sala zake, kisha barua. Asiye na kitabu asome Zaburi. Ukitaka moja yenye maana mahali hapa, wafuasi wa Chabad kila siku husoma Zaburi yenye namba ya mwaka ambao Rebbe angekuwa ameuingia. Amezaliwa 11 Nisan, kwa kalenda ya Kiyahudi, mwaka 1902, kwa hiyo kuanzia 29 Machi 2026 ni Zaburi ya 125, na mwaka unaofuata ya 126. Hesabu ni ya Biblia ya Kiebrania, ambayo ndiyo hesabu ya Biblia nyingi za Kiswahili. Zote mbili ni fupi. Hata mtu aliye kwenye foleni ndefu anamaliza. Ukishasoma barua, ichane vipande na uviachie vidondoke ndani ya ukuta. Kuchana kunalinda pia siri yako, maana anayesimama baada yako anatazama rundo lile lile.

Ukitoka, rudi kinyumenyume mpaka mlangoni, usiyape makaburi mgongo. Hapa ndipo watu hugongana. Nafasi ni finyu, aliye nyuma yako amefumba macho, nawe huoni unakokwenda. Hatua fupi, mkono mmoja nyuma. Simu iwe kimya mfukoni muda wote huo. Kumpiga picha mtu anayelia juu ya barua yake ni ukosefu wa adabu usiohitaji kuandikiwa kibao. Unapoondoka makaburini, nawa mikono kwa kata yenye vishikio viwili: maji kwenye mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kwa kupokezana mpaka kila mkono upate mara tatu. Kisha biskuti ni zako.

Kuna kundi moja ambalo maelekezo haya hayalihusu. Makohani, yaani wanaume wa Kiyahudi wa ukoo wa Haruni, hawaruhusiwi kuingia makaburini. Wao wana utaratibu wao hapa, na lazima waulize kituoni kabla ya kusogea kwenye mlango wa nyuma. Mwenye jina la ukoo kama Cohen au Katz aulizwe mapema na wenzake, maana wapo wanaolibeba jina hilo bila kujua linawadai nini.

Sasa siku za kwenda. Siku ya kawaida, hasa asubuhi ya katikati ya wiki au usiku sana, unaweza kusimama kaburini kwa muda wote unaouhitaji. Ziara nzima, kuanzia kikombe cha chai mpaka kunawa, haizidi saa moja. Siku kubwa kuliko zote ni 3 Tammuz, kumbukumbu ya kifo cha Rebbe wa saba. Mwaka 2026 inaangukia 18 Juni na mwaka 2027 ni 8 Julai, ikianza jioni ya siku iliyotangulia kwa sababu siku ya Kiyahudi huanza machweo. Hapo maelfu kwa maelfu hufika, mahema husimamishwa, foleni huchukua saa kadhaa, na ukifika mbele una dakika chache tu kabla ya kuombwa upishe wengine. Nyingine nzito ni 10 Shevat, kumbukumbu ya kifo cha Rebbe wa sita. 11 Nisan, siku aliyozaliwa Rebbe wa saba. Siku za kuelekea Rosh Hashana, mwaka mpya wa Kiyahudi. Na Ijumaa ya mkutano wa wajumbe wa Chabad wa dunia nzima, ambao kwa kawaida huwa Novemba. Mtu anayetaka kuona umati, wimbo na nguvu ya kundi zima aende 3 Tammuz na avumilie. Mwenye haja nzito moyoni asiende siku hiyo. Atasukumwa na kuharakishwa, na atarudi akikumbuka foleni kuliko sala. Tunamshauri Jumanne yoyote ile.

Kuanzia machweo ya Ijumaa mpaka usiku uingie Jumamosi ni Sabato, na Wayahudi hawazuru makaburi, hawaandiki wala hawachani karatasi. Na zipo siku ambazo wakubwa hufika na ulinzi wao, nafasi ikabana: Javier Milei alikuja Novemba 2023 mara tu baada ya kushinda urais wa Argentina, na Donald Trump alifika 7 Oktoba 2024.

Kukosekana kwa paa kunawaumbua wengi. Mvua ikinyesha, inanyesha kaburini pia. Barua iliyoandikwa kwa wino wa majimaji inageuka doa la bluu kabla hujafika kwenye jina la pili, na karatasi iliyolowa haichaniki bali hukatika kwa kunyofoka. Kalamu ya bolpeni na kifuko kidogo cha nailoni mpaka dakika ya kusoma ndiyo dawa yake. Januari na Februari baridi hushuka chini ya sifuri. Raba za kitambaa hazizuii theluji, na dakika kumi za kusimama juu ya jiwe la baridi zinatosha kukufanya ukatishe sala. Vaa soksi mbili nene, na buti za mpira zisizo na ngozi popote. Hizo zinaingia ndani bila kipingamizi. Kiangazi nako, Julai, jua la saa saba mchana linaangaza moja kwa moja, kwa hiyo nenda jioni.

Kwa anayetoka JFK, gari huchukua kama robo saa barabara zikiwa wazi, na huwa zaidi sana jioni za kazi. Teksi za njano zina bei maalumu ya mkupuo kwa Manhattan tu. Kwenda Queens ni mita, hivyo asikutajie dereva bei ya Manhattan. Kwa usafiri wa umma, AirTrain, treni ya uwanja wa ndege, inakufikisha kituo cha Jamaica, hapo hapo Queens. Kutoka hapo sogea mpaka Jamaica Center, panda basi la Q4 linalopita Linden Boulevard, shuka Francis Lewis, kisha tembea kuelekea kusini. Mtandao wa mabasi ya Queens ulipangwa upya mwaka 2025, kwa hiyo hakiki njia na ratiba siku ya safari, usitegemee maelekezo ya zamani yanayozunguka mitandaoni. Usiku wa manane usihangaike na basi, chukua gari.

Kenya Airways inatua JFK moja kwa moja kutoka Nairobi tangu Oktoba 2018, Terminali 4, na wasafiri wengi wa Afrika Mashariki hupita hapo wakiunganisha ndege. Ni nafasi nzuri, kwa masharti mawili. La kwanza ni viza: Marekani hata anayepita tu hupitia uhamiaji, na viza yako lazima ikuruhusu kuingia. La pili ni muda. Weka saa moja na nusu mpaka mbili za uhamiaji na mizigo, saa moja ya njia kwenda na kurudi, saa moja ya ziara, na saa tatu za kurudi uwanjani kabla ya ndege ya kimataifa. Chini ya saa saba kati ya ndege na ndege, usijaribu. Mzigo mkubwa uache uwanjani, au ukishauchukua uukabidhi tena kwa ndege inayofuata, kwa sababu masanduku kwenye chumba cha watu wanaosali ni kero kwa kila mtu.

Mtaa wenyewe ni wa watu Weusi kwa sehemu kubwa, wengi wenye asili ya Karibi, Haiti na Jamaika hasa. Ni nyumba za familia, kimya, bustani mbele. Anayekuja na gari asizibe njia ya gari ya mwenyeji. Majirani hawa wamevumilia misururu tangu 1994, na kuwaheshimu ni sehemu ya adabu ya ziara. Chakula cha mlo kamili hakipo Ohel. Maduka na migahawa iko Linden Boulevard, na anayeshika sheria za kosha, yaani sheria za Kiyahudi za chakula, asubiri Crown Heights, Brooklyn, kuzunguka 770 Eastern Parkway, makao makuu ya Chabad, ambako treni ya 3 inakushusha kituo cha Kingston Avenue.

Upungufu tuliosema tutautaja ni wa maelezo. Kwa mtu aliyekulia ndani ya Chabad hakuna kinachohitaji kuelezwa. Kwa mgeni, hasa asiye Myahudi, maelezo yaliyobandikwa hayamtoshi. Anaona watu wakivua viatu, wakibisha mlango usio na mtu ndani, wakitembea kinyumenyume, na hakuna karatasi moja iliyopangwa vizuri inayomwambia ni kwa nini. Muulize kijana yeyote pale kituoni. Hujibu kwa furaha, tena kirefu. Lakini wapo wanaoona haya kuuliza, na hao huishia kwenye benchi wakitazama skrini. Jingine ni ufinyu wa nyumba: ilijengwa kwa ajili ya familia, na siku za kati, ambazo hazina mahema wala hazina utulivu, vyoo na meza za kuandikia huzidiwa.

Asiyeweza kusafiri anaweza kutuma barua kupitia tovuti ya Ohel au kwa faksi. Huchapishwa na kupelekwa kaburini, huchanwa na kuachwa pale kama nyingine zote, na hakuna malipo. Kanuni za majina ni zile zile. Andika kwa ufupi na uweke majina mwanzoni. Ukiwa na mwenzako anayepita New York, afadhali mpe karatasi yako ndani ya bahasha wazi aichane kwa mkono wake, na umkumbushe mapema kuhusu viatu.